Kutafuta Kivuli Posta: Bustani ya Mimea, Boma la Kale na Mnazi Mmoja

Jumatano

Joto la Februari Dar halina adabu. Saa nne asubuhi tunashuka kwenye daladala Posta Mpya na shati limeshanishika mgongoni. Mimi ni fundi mwashi kutoka Tanga. Kuna kazi ya watu naanza huku wiki ijayo, nikaona nije mapema nizunguke mjini kwa miguu, maana kila nikija Dar naishia site na Kariakoo kununua vifaa. Nimefikia Ilala kwa mama mdogo, ambaye miaka ya themanini alikuwa karani katika wizara moja kule Kivukoni. Nilipomwambia nataka kwenda kuona Bustani ya Mimea na majengo yanayoizunguka, alicheka sana. "Wewe mwanangu, umetoka Tanga kwenye miti uje kutazama miti Dar?" Halafu akaniambia nimsubiri abadili viatu.

Tumeanzia kwenye mnara wa Askari, katikati ya mzunguko wa Samora. Huyu askari wa shaba yupo hapo tangu 1927. Aliyemchonga ni James Alexander Stevenson, na maneno ya kumbukumbu yaliandikwa na Rudyard Kipling, kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Singe lake limeelekea bandarini. Kabla yake kulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyosimikwa 1909. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa, ikasafirishwa hadi Ulaya, ikaja kusimama Hamburg mbele ya chuo kikuu, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo sanamu moja imeangushwa mara mbili, katika mabara mawili. Mama mdogo kasema hajawahi kuona mtu mwenye bahati mbaya hivyo.

Nilichokiona mimi kwa jicho la fundi ni kwamba pale kwa Askari huwezi kukaa. Magari yanazunguka, jua linapiga kwenye zege, na ukisimama kusoma maandishi sekunde chache unapigiwa honi. Watu wote waliokuwa wamesimama, wauza magazeti, wauza vocha na waliokuwa wakisubiri wenzao, walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha maghorofa ya pembeni, na kivuli kilivyosogea nao wakasogea.

Samora yenyewe ilianza kama barabara ya miti. Wajerumani waliiita kwa jina la migunga iliyopandwa kando yake, Waingereza wakaendeleza wakaiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na sasa inabeba jina la Samora Machel, rais wa Msumbiji aliyefariki 1986 katika ajali ya ndege. Majina yamebadilika na miti nayo imepungua. Majengo ya zamani ya huku yana kitu ambacho ramani nyingi za siku hizi hazina: ghorofa ya kwanza imetokeza juu ya njia ya waenda kwa miguu, imebebwa na nguzo, kwa hiyo unatembea mtaa mzima kichwa hakijaguswa na jua. Ukifika kwenye jengo jipya la vioo ile paa inakatika. Ukuta umenyooka mpaka chini, na kioo kinakurudishia jua usoni.

Tumevuka Mtaa wa Ohio, na mbele kidogo bustani ikajitokeza.

Sikutegemea kimya kile. Hatua chache tu kutoka barabarani, honi zinasikika kama za mtaa wa pili. Kuna vijia vyembamba, michikichi ya aina aina, mikrismasi mikubwa ambayo maua yake yamekwisha imebaki maganda marefu meusi yananing'inia, na tausi. Tausi kweli, wanatembea kwenye nyasi bila wasiwasi. Dume mmoja alikuwa anaburuta mkia kwenye majani makavu kama mtu anayeburuta mkeka wa ukili.

Mzee mmoja alikuwa anafagia kwa ufagio wa chelewa. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibuni." Mama mdogo naye akamsalimia kwa kirefu, wakaulizana nyumbani, afya, wajukuu, kabla ya mimi kupata nafasi ya kuuliza habari ya miti. Akatupeleka kwenye mnazi wa Shelisheli, ule unaozaa nazi pacha, mbegu kubwa kuliko zote duniani. Nje ya visiwa vyao ni nadra kuuona. Nazi yake moja huchukua miaka kama sita au saba kukomaa, na mti wenyewe unakaa miongo kadhaa ndiyo uanze kuzaa. Aliyepanda mti wa namna hii hakuwa anawaza tumbo lake.

Bustani ilianzishwa 1893, na aliyeiasisi ni Profesa Franz Stuhlmann, mkuu wa kilimo katika serikali ya Kijerumani. Shabaha haikuwa mtu kupumzika. Lilikuwa shamba la majaribio: wanaleta mbegu kutoka makoloni mengine, wanaotesha, wanaangalia lipi litashika ardhi ya huku na kuleta fedha. Hapo mtu wa Tanga lazima nichomekee langu. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa kwetu upande wa Pangani. Mkonge wote uliojaza mabonde ya Tanga, reli, bandari, makambi ya manamba, babu zetu waliotoka bara kuja kukata, ulizaliwa na hiyo miche 62. Na 1902 Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti Amani, milimani juu ya Muheza, kazi nzito ya majaribio ikahamia huko. Bustani ya Dar ikabaki na miti na hewa.

Na ndiyo maana ninaipenda. Kazi iliyoanzishiwa imeondoka, watu wameingia. Saa saba mchana benchi zilikuwa zimejaa: watumishi wa ofisi za karibu na vyakula vyao vya kufunga, vijana wawili wamelala wameweka begi kichwani, bibi harusi mtarajiwa anapigwa picha huku dada mmoja kamshikia kioo. Tukapata pembe ya benchi. Nilijaribu kukumbuka ni wapi pengine pale Posta unaweza kukaa saa nzima kivulini bila kununua soda, nikashindwa. Nikaamua siku zilizobaki nitautazama mji kwa swali hilo: kivuli kiko wapi, na kiliwekwa kwa ajili ya nani.

Alhamisi

Leo nimekwenda peke yangu, mama mdogo ana kikoba.

Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, yamepakana na bustani. Jengo la zamani lilifunguliwa 1940 kwa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Ni dogo, lina matao na vigae, limechanganya mambo ya Kiarabu na ya Kizungu, na ndani yake pana ubaridi bila mashine. Nilishika ukuta kwa kiganja, baridi. Nje ilikuwa saa tano na jua la kuumiza. Unene wa ukuta, dari iko juu, madirisha yamepangwa hewa iingie upande huu itokee ule, basi. Baada ya Uhuru likaongezwa jengo jingine kubwa zaidi, na siku hizi pote panaitwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni.

Yaliyomo ndani sitayamaliza. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililookotwa Olduvai na Mary Leakey 1959, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75, ni hazina ya makumbusho haya. Watoto wa shule walikuwa wamelizunguka, mwalimu wao anawaambia wasiguse kioo, na kila mmoja anagusa kioo. Kuna magari yaliyobeba viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na magavana na baadaye Mwalimu. Kwenye uwanja pana kumbukumbu ya waliouawa kwenye mlipuko wa ubalozi wa Marekani, tarehe 7 Agosti 1998. Hapo nilisimama kidogo nikaendelea.

Karimjee hapako mbali. Ukumbi huo ulifunguliwa 1955, zawadi ya ukoo wa Karimjee, wafanyabiashara ambao mkonge wa Tanga waliujua vizuri. Baraza la Kutunga Sheria likakutana humo, Abdulkarim Karimjee akiwa Spika tangu 1956, na baada ya Uhuru ndipo Bunge likakaa, kiti cha Spika kikashikwa na Adam Sapi Mkwawa kuanzia 1962. Wengi wa rika langu tunaujua uwanja wa Karimjee kwa runinga, kwa jambo moja: ndipo Dar inapoagia viongozi wake waliofariki, jeneza chini ya turubai, foleni ya watu inapita. Leo palikuwa pametulia. Kwa nje ni jengo la heshima lisilo na makuu. Veranda pana, nguzo, nyasi zimekatwa vizuri. Mlinzi aliniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia mimi ni fundi, naangalia nguzo. Akanitazama juu mpaka chini, akasema basi angalia ukiwa huko huko nje.

Ijumaa

Tumedamka mapema kukwepa jua, mama mdogo mbele. Huku ndiko kwake, njia zote anazijua kwa miguu.

Tulianzia hospitali ya Ocean Road. Wajerumani waliimaliza 1897, pembezoni mwa mji wao, ikitazama bahari ili upepo uingie wodini. Ina minara yenye kuba na matao yanayokumbusha misikiti, ingawa waliojenga walikuwa na maana yao. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, alifika Dar 1897 na kufanya uchunguzi wa malaria. Leo ni taasisi ya saratani, na watu wanaopanda zile ngazi hawaji kutalii. Hatukuingia, wala sikutoa simu kupiga picha. Tuliangalia kutoka upande wa pili wa barabara, tukapita.

Ikulu vilevile unaipita huku unatembea. Usisimame, usinyooshe kidole, usipige picha. Kwa kifupi tu: manowari za Waingereza ziliipiga mizinga makao ya gavana wa Kijerumani 1914, na 1922 Waingereza haohao wakajenga upya juu ya misingi ileile wakakaa wao. Kinachoonekana juu ya miti ni weupe na matao. Mama mdogo anasema tausi wa bustanini na wa Ikulu ni ndugu. Sijui kama ni kweli, ila nimependa awe ameamini hivyo tangu miaka ya themanini.

Feri tukanywa chai kwa chapati, moshi wa samaki wa kukaanga umetujaa machoni, wapiga debe na wenye ndoo za samaki wanapishana, halafu tukashika Kivukoni, bahari mkono wa kushoto. Hapa ndipo mama mdogo alipoanza kusimulia. Majengo ya wizara ya enzi ya Wajerumani yako yamejipanga upande wa pili wa barabara, marefu, meupe, veranda juu na chini. Serikali imehamia Dodoma, safari iliyoamuliwa 1973 ikaja kutimia miaka mingi baadaye, na huku shughuli zimepungua. Akanionyesha dirisha moja la juu. "Pale nimepiga taipu miaka sita. Feni ilikuwa moja, ya bosi. Sisi tulifungua mlango wa veranda na dirisha la nyuma, karatasi zote tunaziwekea mawe." Mawe? "Mawe. Kila karani alikuwa na mawe yake ya kuokota ufukweni. Upepo ulikuwa unaweza kuondoka na barua ya katibu mkuu."

Nimeliandika hilo kwa sababu hakuna mchoro wa jengo utakaokueleza hivyo. Aliyejenga veranda ile aliwajengea maafisa wake waliokuwa wanaogopa jua. Miongo mingi baadaye makarani wa Kiafrika wanapigana na upepo wa bure.

Kanisa la Azania Front limejengwa kati ya 1898 na 1902, la Kilutheri, mnara wake ni alama ya wavuvi wanaoingia bandarini. Tazama madirisha yake: kila moja lina kijipaa chake cha vigae vyekundu, kimetokeza nje, mvua na jua vikwame hapo. Ni kazi ya ziada, inakula vigae na mbao, na fundi wa leo mwenye ramani ndogo na bosi mwenye haraka hawezi kuruhusiwa. Mbele zaidi ni Mtakatifu Yosefu, kanisa kuu la Wakatoliki, lililoanzwa 1897 na kufunguliwa 1902, la mtindo wa Kigothi, limenyanyuka kama limetolewa Ujerumani likawekwa mkabala na boti za Unguja. Zuri, lakini sura yake yote inatazama kwao. La Walutheri ndilo linalojua liko Dar.

Karibu na hapo pana nyumba ya Atiman, ya miaka ya 1860, mojawapo ya majengo ya enzi ya Sultani. Baadaye ilikuwa ya mapadri wa White Fathers, na imechukua jina la Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika 1888 na kutibu watu huko mpaka alipofariki 1956. Mama mdogo alikuwa amepita mlangoni hapo maisha yake yote bila kulijua hilo. Akasema neno moja tu, "Sitini na nane," akimaanisha miaka.

Boma la Kale niliambiwa nisitarajie makubwa. Mimi ndilo lililonichukua nusu ya siku.

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kujenga mji wake mpya kando ya kijiji cha Mzizima, Boma hili lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Majid akafa 1870, Barghash aliyemrithi hakuwa na hamu na mji huu, kasri la Majid likabomoka. Boma likabaki. Wajerumani walikuja 1887, na 1891 wakaufanya mji kuwa makao yao makuu badala ya Bagamoyo, wakalitumia. Waingereza wakalitumia. Siku hizi ni kituo cha urithi wa majengo ya Dar, kinaitwa DARCH, na kuna picha na maelezo ya namna mji ulivyokua.

Lakini sikwenda kusoma ubao. Mahali fulani chokaa ilikuwa imebanduka, nikachungulia. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe, yamewekwa ovyo ovyo kwa mtu asiyejua, lakini kila pengo limezibwa na kijiwe kidogo na udongo wa chokaa. Kwenye jiwe moja mistari ya tumbawe ilikuwa bado inasomeka, na kijikombe kimoja kimekwamia humo tangu lilipokuwa baharini. Unene wa ukuta ni zaidi ya mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaleyale: unapanga kuni na mawe, unachoma, unamwagia maji, unaacha ikae. Haina haraka ya saruji. Ukuta wa chokaa unanyonya unyevu na kuutoa, na ukija mtu kuutengeneza kwa saruji anaufunga pumzi, unaanza kumomonyoka kutoka ndani. Nimewaona mafundi wanafanya hivyo Pangani, tena kwa nia njema.

Halafu juu. Vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba, na sababu iko darini: boriti za mikoko. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka, upana wa chumba ukawa ni urefu wa boriti, hatua tatu au nne na umemaliza. Mkoko ndio uliochora ramani. Mafundi wa Majid hawakuwa na pa kubishia.

Adhana ya Ijumaa ikatukuta hapo, mama mdogo akaniachia kofia yake ya jua akaenda kuswali. Nikakaa barazani. Baraza la nje, la kujengea, lenye kimo cha kiti, ni kitu kidogo lakini mwenye nyumba anamwambia mpita njia: kaa.

Jumamosi

Uhindini, kuanzia Kisutu. Sitasema mengi, nilichelewa kuamka na miguu ilikuwa imevimba.

Mitaa hii imesongamana mahekalu, misikiti na jamatkhana, yaani nyumba za ibada za Waismailia, na maduka ya ghorofa mbili tatu yenye roshani za zege, mistari ya kupinda, na mwaka au jina la familia limechongwa juu kabisa ya ukuta wa mbele. Mpangilio ni duka chini, mwenye duka juu. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na mengi leo yako chini ya Shirika la Nyumba. Kwa hiyo jina lililochongwa juu mara nyingi si la anayekusanya kodi. Mengine yameshabomolewa kupisha maghorofa. Nilipiga picha majina matano, nikala bajia za mtaani, nikarudi nikalala.

Jumapili

Mnazi Mmoja na mama mdogo. Tumevaa vizuri, maana anasema Mnazi Mmoja huendi na kandambili.

Wanaopita hapo kila siku kwa daladala huona uwanja tu, miti, mnara wa Mwenge, wauza kahawa. Uwanja huo uliachwa wazi kwa makusudi. Wajerumani walipanga na Waingereza wakatekeleza mstari wa ardhi isiyojengwa, kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mji wa Wahindi na Wazungu kwa upande wa bandari. Kisingizio kilikuwa afya: mbu na maradhi visivuke. Watu waliokuwa na nyumba eneo hilo wakahamishwa. Kariakoo yenyewe ilikuwa imepata jina na umbo baada ya Vita Kuu, kwenye kambi ya wale wapagazi wa jeshi la Waingereza ambao kumbukumbu yao niliisoma Jumatano.

Sasa angalia kilichotokea. Ardhi iliyoachwa watu wasikutane ikawa ndipo panapokutana. Mtaa wa pili, Lumumba, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ukumbi wa Arnautoglu uko hapo pembeni, na mama mdogo amecheza taarab humo, jambo alilonieleza kwa sauti ya chini kama binti wa miaka ishirini. Siku ya Mashujaa mashada yamewekwa hapa. Idi watoto wanakuja na nguo mpya kupanda pembea. Sina hakika kama kuna uwanja mwingine nchini uliokaidi ramani yake namna hii.

Tulikaa chini ya mti na mzee wa kahawa, dele lake juu ya mkaa, vikombe anavigonganisha mkononi. Kahawa na kashata. Kulikuwa na ubishi mkali wa Simba na Yanga upande mmoja na wa bei ya bati upande mwingine, nikajikuta nimeingia wa bati.

Kariakoo tukaingilia Uhuru. Nilitaka soko, lile jengo la Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika Afrika Mashariki, lililofunguliwa 1975. Moto uliliunguza Julai 2021 na likaingia ukarabati. Paa lake ndilo lililonileta. Ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, midomo juu, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mvua ikinyesha maji yanashuka katikati ya nguzo hadi kwenye matangi chini ya ardhi, na kati ya miavuli hewa ya moto inapata pa kutokea. Amuli aliangalia namna mwanamke wa sokoni anavyokaa, chini ya mti au mwavuli, bidhaa mbele, akamjengea mti wa zege. Huko ni kufikiri. Mbebaji mmoja mwenye mkokoteni akanipigia kelele: "Bro, paa halianguki, sogea!" Nikasogea.

Jioni nyumbani Ilala nilimchorea mama mdogo kwenye karatasi ya sukari: baraza la nje, mbele ya chumba chake, kimo cha kiti, paa limetokeza. Sasa hivi wageni wake wanakaa kwenye ndoo, na jua la saa kumi linawapiga. Nilisema upana mita moja na nusu. Akasema hapo mkeka hautanyooka, na mgeni akitaka kujilaza atajilaza wapi? Nikamweleza gharama ya bati na mbao. Akaniuliza Wajerumani walimwomba nani ruhusa ya veranda. Tumekubaliana mita mbili, mchanga analeta yeye, saruji yangu.

Nikamwambia tujaribu chokaa. Amekataa, anasema hana miaka ya kusubiri ikauke.